Tarumbeta ya Baba na Santuri Zangu za Tekno

Jumamosi, 1 Julai 1995

Siku kubwa! Nimeijua kazi niliyozaliwa kuifanya. Imechelewa kidogo, nina miaka thelathini na minne, lakini imefika.

Imefika imefunga samaki. Dada Dorcas, anayenilisha na kunilaza tangu kiwanda kilipotupunguza kazini, hufungia samaki wake wa kukaanga kwa magazeti ya kizungu yanayotoka uwanja wa ndege, yale yanayoachwa na jamaa wa ndege zinazokuja kubeba minofu ya sangara. Leo kipande changu cha sangara kimekuja kwenye picha ya Mzungu mwembamba, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba, kasimama mbele ya ukuta mzima wa santuri. Nikafuta mafuta, nikasoma. Anakusanya santuri za tekno. Tekno ni muziki wa mashine. Hakuna mwimbaji, hakuna mpiga gitaa, hakuna wa kudai posho. Watu wanatoka nchi za mbali kuja kumwona! Hajaoa, lakini halionekani kumsumbua.

Nikajiuliza: Kanda ya Ziwa nzima, nani ana tekno? Hakuna. Soko huria limekuja, kila mtu anauza nyanya au maji ya baridi. Mimi nitakuwa Mkusanyaji. Mashine ipo, gramafoni ya betri ya marehemu baba. Zimebaki santuri tu.

Nimemweleza Dorcas. Ameuliza kama huyo Mzungu anachangia unga nyumbani kwao. Watu wa biashara ndogo hawaoni mbali.

Jumatatu, 3 Julai

Bahati! Chenge wa mitumba amefungua belo la makoti ya baridi, na katikati ya makoti amekuta boksi la santuri. Nimewakuta kina mama wanazigombea wakafunikie mitungi ya maji. Nimetazama. Nyeusi, kubwa, hazina picha ya mtu hata moja, zimeandikwa namba tu. Tekno! Nikapiga kelele.

Kosa. Kabla sijapiga kelele zilikuwa mifuniko. Baada ya kelele zikawa mali. Chenge amezikalia palepale. Amesema hazitoi ila kwa santuri zinazoimba, moja yangu kwa moja yake, kwa sababu kuna mtu anatafuta sana muziki wa dansi wa zamani. Huyo mtu ni Salehe.

Salehe ndiye mwenye duka la kaseti linalotazamana na jiko la Dorcas. Ana spika juu ya mlango, rumba kutwa. Shati lake limepigwa pasi hata Jumatatu. Anaamkia wazee wote, watoto wanampenda, hajawahi kumkopa mtu chumvi. Simwamini hata kidogo.

Nimekwenda nyumbani mbio. Chini ya kitanda cha Dorcas kuna boksi la santuri za baba. Dansi la kale, mikwaruzo mitupu. Zimo zote alizoacha, pamoja na ile ambayo baba mwenyewe anapuliza tarumbeta na bendi ya chama cha ushirika. Ndiyo pekee aliyowahi kurekodi. Dorcas huipiga mara moja kwa mwaka, siku ya kumbukumbu yake, akalia, akairudisha. Mwaka una siku nyingi. Siku nyingine zote imelala tu!

Tarumbeta nilitaka kuibakiza. Kweli kabisa. Lakini Chenge alihesabu, ikapungua moja.

Tekno nimezitia kwenye boksi lilelile la baba na kulisukuma mahali pake. Uzito haujabadilika. Hata mimi nikiliinua nadanganyika.

Jumatano, 5 Julai

Dorcas amekwenda mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, kununua samaki. Nimekaa na tekno yangu peke yangu. Heshima!

Nimeweka sindano. Du, du, du, du. Nikasubiri wimbo uanze. Du, du, du, du. Nikadhani sindano imenasa. Nikaiinua, nikaifuta, nikairudisha. Du, du, du, du. Kumbe ndio wimbo wenyewe. Katikati kuna mahali panalia kitu kama mlango wa choo, halafu wanarudi palepale.

Teodora wa nyumba ya pili amebisha hodi. Ameuliza tunatwanga nini tangu asubuhi, na kama kuna kisamvu cha kuomba.

Dorcas amerudi, ameweka beseni chini, amesikiliza kwa adabu. Akauliza mwimbaji anaingia saa ngapi. Nikasema haingii. Akauliza kama amegombana na wenzake. Nimechoka kuishi na watu wasiojua mambo. Kisha akauliza nimezitoa wapi, nikasema nimeazima. Akasema basi nisizichanganye na za baba. Nimemwahidi. Na sikusema uongo, maana hazijachanganyika kabisa.

Ijumaa, 7 Julai, Sabasaba

Balaa.

Mchana, jiko limejaa wateja, mimi nimekaa kwenye benchi namfikiria yule Mzungu. Mara tarumbeta kutoka spika ya Salehe. Tarumbeta ya baba! Inaanza ile bendi, halafu gitaa, halafu baba anavuta pumzi, unaisikia kabisa, halafu anapuliza. Samaki amenikwama kooni.

Dorcas amesimama na mwiko mkononi. Nikajua nimekwisha. Lakini Dorcas ametabasamu! Amewaambia wateja kwamba huyo ni baba yake mzazi. Akanigeukia, akasema kumbe Salehe naye anayo, basi baba hayuko peke yake, ziko mbili duniani. Amefurahi hadi amempelekea Salehe samaki mzima, wa bure.

Halafu akasema: Jumapili ya tarehe kumi na sita, baada ya misa ya kumbukumbu, tutapiga ya kwetu.

Nikasema ndiyo dada.

Jumapili, 9 Julai

Nimekwenda kwa Salehe kwa akili. Sikuomba. Nimepita tu kama mtu anayetazama bei. Nikamwambia ile santuri ya tarumbeta ina kasoro, imepigwa marufuku na wataalamu, bora anipe nikaitupe. Salehe akajibu kwa upole kwamba anaipenda hivyohivyo. Akaongeza kwamba kama kuna shida ya kifamilia nimwambie tu, ataitoa.

Ataitoa! Mbele ya wateja! Nionekane mimi ndiye mwenye shida! Damu ikanichemka. Nikasema mimi ni Mkusanyaji, siombi, mimi nashindana. Nikamtaka uwanjani, tufanye kama wanavyofanya watu wa ngoma msimu huu baada ya mavuno: pande mbili, kiwanja kimoja, wote wanapiga kwa wakati mmoja, na watu wanahama kwa miguu yao wenyewe. Asiye na watu ameshindwa. Watu wakija kwangu, napewa tarumbeta. Wakienda kwake, anachukua gramafoni.

Salehe amesema hana haja na gramafoni. Wateja wakacheka. Nikasema anaogopa. Wakacheka zaidi, safari hii wakimtazama yeye, ikabidi akubali. Jumamosi, kiwanja cha Mzee Ngosha, chini ya mawe.

Nimemweka mahali pabaya sana. Ana rumba, ambayo watu wameisikia maisha yao yote. Mimi nina kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Hesabu ni nyepesi.

Jumatano, 12 Julai

Mzee Ngosha aliwahi kuwa manju, kiongozi wa ngoma, na wanasema enzi zake upande wa pili ulikuwa unabaki na mbwa tu. Nimempa shikamoo, nikamweleza shida yangu, nikaomba ile dawa ya kuvuta watu. Akaomba kwanza asikie hiyo ngoma yangu. Nikampigia mdomoni: du, du, du, du. Akafikiri sana. Akasema kwa ngoma hiyo dawa iwe mara mbili.

Amenipa kifurushi. Sharti moja: kizikwe mahali muziki utakaposimama. Watu watakifuata hapo hapo, hawatauliza kwa nini. Nimempa jogoo. Ni wa Dorcas, atadhani mwewe.

Jioni nimezika upande wa mashariki, nikakanyagia vizuri. Pia nimeanika betri za gramafoni juu ya bati ili zipate nguvu. Kila kitu tayari. Namwonea Salehe huruma kidogo.

Jumamosi, 15 Julai

Nitaandika kwa ufupi kwa sababu nimeonewa.

Watu walikuwa wengi. Mimi mashariki, juu ya dawa. Salehe magharibi, kwenye kivuli cha jiwe kubwa, hana hata santuri, kaja na kaseti! Mzee Ngosha akainua fimbo, tukaanza.

Du, du, du, du. Watu wakanyamaza. Ni heshima. Mama mmoja akauliza kama mashine imeharibika, nikampuuza. Lakini jua la mashariki lilikuwa linachoma vibaya, nikaona santuri ya pili inaanza kuinama pembeni. Salehe akaiona kutoka kule! Akapaza sauti kwamba santuri na jua haviivani, zitapinda zote, nihamie kivulini, yeye atakwenda juani, kaseti zake zitavumilia. Nikaona mjinga amejileta. Nikahama haraka kabla hajabadili mawazo.

Nilipokwisha kupanga vitu ndipo nikakumbuka dawa.

Hata hivyo nikapata watu! Wale vijana wa bugobogobo, wacheza ngoma wa majembe, walikuwa wanapita na majembe yao. Wakasikia du, du, du, du, wakatazamana, wakaingia upande wangu. Wakarusha majembe juu, wakayadaka, wakapiga ardhi, sawasawa na tekno, hawakosei hata pigo! Umati ukaanza kusogea kwangu. Wengi! Mkubwa wao akanijia jasho linamtoka, akaniambia hajawahi kupata ngoma isiyochoka namna hii, na kama nitakubali kuja kuwapigia msimu wa kulima, kijiji kizima kitaniita.

Kulima! Tekno! Nikamwonyesha picha ya Mzungu wa miwani, nikamuuliza anaona jembe hapo? Nikawaambia huu ni muziki wa mjini, waweke majembe chini na wasimame kistaarabu, na vumbi lao linaingia kwenye sindano. Wakaweka majembe begani, wakaondoka. Umati ukaondoka nao.

Betri nazo zikaanza kulegea. Duuu. Duuu. Duuuu.

Hapo ndipo Salehe akapiga tarumbeta. Ile bendi, lile gitaa, ile pumzi. Kiwanja kizima kikaenda mashariki. Teodora akaenda. Chenge aliyenipa tekno akaenda. Nikabaki na mbuzi mmoja, na yeye alikuwa amefungwa kamba.

Halafu nikamwona Dorcas. Alikuwa amekuja na beseni la samaki kuuza, amesimama katikati ya kiwanja. Akamtazama Salehe. Akanitazama mimi, akatazama miguuni kwangu lile boksi la baba limefunguka, limejaa namba. Akaelewa. Akaliweka beseni kichwani, akaenda upande wa Salehe.

Jumapili, 16 Julai

Dorcas akipiga kelele najua la kufanya. Akinyamaza sijui. Leo amenyamaza tangu alfajiri. Mchana akanipa ugali na panki, ule mfupa wa sangara uliokwisha nyofolewa minofu na kiwanda. Mfupa peke yake.

Baada ya misa Salehe amekuja nyumbani, kabeba gramafoni aliyoishinda, na ile santuri ameifunga kwa kitambaa cheupe. Akamwambia Dorcas kwamba santuri ni yake, hataki kujua ilitembeaje hadi kwake. Gramafoni itakaa dukani, na akiitaka wakati wowote avuke tu barabara. Ameweka betri mpya.

Tukapiga. Baba akavuta pumzi, akapuliza. Nikamkumbuka anavyoisugua tarumbeta kwa majivu na limao Jumamosi jioni, mimi nimeshika limao. Nimelia. Sikutegemea, lakini nimelia, na Dorcas ameniona, akanisogezea ncha ya khanga yake nifute uso. Sijawahi kujisikia vibaya hivi.

Nimeamua kumfidia. Nitafanya jambo kubwa, kwa mikono yangu mwenyewe, atashangaa.

Jumanne, 18 Julai

Ameshangaa.

Ile santuri ilikuwa na vumbi la dukani. Nikaona aibu, kumbukumbu ya baba kuwa chafu. Dorcas alipokwenda mwaloni nikaiosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga, dodoki laini, pole pole kufuata mistari. Imeng'aa! Nikaianika juu ya bati pamoja na zile betri za zamani, nikajilaza kidogo nikiwaza atakavyofurahi.

Nilipoamka ilikuwa bakuli. Ungeweza kutilia karanga.

Kuhusu jua na santuri nilikuwa nimeambiwa, nakubali. Lakini Salehe alizungumzia tekno. Hii ilikuwa dansi.

Dorcas amekaa chini palepale uani, ameiweka mapajani, anaipapasa ukingo wake. Nimemweleza kwamba angalau ni safi.

Alhamisi, 20 Julai

Tumeokoka! Salehe amesikia habari na kuvuka barabara. Alikuwa ameirekodi tarumbeta kwenye kaseti, ileile aliyoipiga kiwanjani. Hana nyingine. Akamwekea Dorcas kwenye redio ya dukani, na baba akapuliza kama kawaida. Dorcas alicheka na kulia pamoja. Sijamwona hivyo tangu mazishi.

Salehe akachukua bisibisi, akavunja vile vidude viwili vya nyuma ya kaseti. Akaeleza kwamba sasa haifutiki, mashine itakataa kurekodi juu yake. Dorcas akaomba jambo moja: kaseti isije nyumbani. Ikae dukani kwa Salehe, mbali na mtu fulani. Alisema mtu fulani huku ananitazama. Nimevumilia. Amefiwa mara mbili, ana haki.

Nami nimeapa mbele yao wote wawili kwamba mambo ya tekno yamekwisha. Salehe amenipa mkono. Hata amesema kesho, akienda msikitini, nimlindie duka, maana ananiamini. Huenda nilimhukumu vibaya huyu bwana.

Ijumaa, 21 Julai

Nipo dukani. Salehe yuko swala ya Ijumaa. Nalinda vizuri sana.

Nimepata wazo! Jana usiku nilishindwa kulala nikitafuta kosa langu lilikuwa wapi, na nimelipata. Dawa ilifanya kazi kabisa. Watu wote walikwenda mashariki, pale pale nilipoizika! Tekno haikushindwa, ilikuwa upande usio wake. Na kosa la pili: watu walikuwa na mahali pa kwenda. Tekno inataka watu wasioweza kuondoka. Wako wapi? Kigongo, kwenye foleni ya kivuko! Wamekaa ndani ya magari, wanasubiri kuvuka kwenda Busisi, hawana pa kukimbilia. Nitawapigia kwa kaseti. Mpaka wavuke watakuwa wameizoea, watainunua wenyewe.

Kiapo kilihusu santuri. Hii ni kaseti.

Gramafoni iko hapa. Redio iko hapa. Tekno nimekuja nazo kwenye boksi, kwa bahati. Kilichokosekana ni kaseti tupu. Mpya zimefungiwa kabatini na Salehe ameondoka na ufunguo, sijui kwa nini. Iliyo mezani ni moja tu.

Ina nafasi kubwa! Baba ni dakika chache za mwanzo, sehemu nyingine yote ni tupu. Ni kuipoteza bure. Vile vidude vilivyovunjwa si kitu, kila mtu anajua ukiziba tundu mashine inakubali. Nimechana pembe ya ukurasa huu, nikazibia. Nikasogeza mkanda mbele kwa kukisia mahali baba anapomaliza, nikarekodi tekno upande mzima.

Nimeisikiliza sasa hivi. Nilikisia vibaya kidogo. Inaanza bendi, inafuata gitaa, baba anavuta pumzi, halafu: du, du, du, du.

Nimeirudia mara kadhaa. Ni nzuri! Ni nzuri kuliko tekno zote nilizonazo. Yule Mzungu wa miwani hana kitu kama hiki kwenye ukuta wake wote. Baba na mimi, bendi moja!

Nimempungia mkono Dorcas kule jikoni, nimemwambia aje, baba anapigwa. Ameacha kikaango. Anavuka barabara, anafuta mikono kwenye khanga, anatabasamu.